Ukitaka kudumu kwenye kutangaza mpira, jifunze kunyamaza

Nilianzia redioni, nikahamia runingani, na kwa muda mrefu nilidhani kazi ni ileile. Redioni wewe ndiye macho ya msikilizaji. Ukikaa kimya sekunde tano anagonga redio, anadhani betri zimekwisha. Runingani mtu anaona. Ukimwambia "anatoa pasi kulia" unamchosha bure. Mpe asichokiona: beki yule tayari ana kadi ya njano, na kule kwenye benchi kuna mtu anafunga kamba za viatu.

Mechi moja niliita goli kwa pumzi zangu zote, kumbe mpira umegonga nyavu za pembeni. Kutoka juu tulikokaa, nyavu zilitikisika vilevile. Tangu hapo shuti likipigwa namtazama na kipa. Aliyefungwa mabega humlegea. Ambaye hajafungwa anaondoka kuufuata mpira nyuma ya lango. Na ukikosea, kiri kwa sentensi moja, mchezo uendelee. Mimi siku ile nilijitetea dakika nzima, nikaharibu zaidi.

Katika kunyamaza sijaona kama Vin Scully, Mmarekani aliyetangaza besiboli ya timu ya Dodgers misimu 67, tangu 1950 hadi 2016. Mwaka 1988, kwenye mechi ya kwanza ya fainali, Kirk Gibson, mchezaji wa Dodgers, aliingia akichechemea, miguu yote miwili mibovu, akaupiga mpira hadi jukwaani, pigo la ushindi, na mechi ikaishia hapo. Scully alitamka tu kwamba mpira umekwenda, kisha akawaachia mashabiki hewa kwa zaidi ya dakika moja. Mimi baada ya goli nahesabu kimoyomoyo hadi kumi, na bado ulimi unawasha.

Red Barber, aliyemlea Scully kazini, alikuwa na kichupa cha mchanga cha dakika 3, kile cha kupimia yai likichemka. Mchanga ukiisha, anataja matokeo. Usiseme yameandikwa kwenye skrini; yupo anayefua nguo chumba cha pili, anakusikia tu.

Majina ya wageni muulize mchezaji mwenyewe, au mtu wa timu yake, kabla ya mechi. Halafu jisikilize kesho yake. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilihesabu "naam" 41 kipindi cha kwanza pekee, nikazima.