Kabla ya kununua filamu ya kutisha iliyokarabatiwa, uliza imeskaniwa kutoka wapi

Mara ya kwanza nilipoitazama Night of the Living Dead nilikuwa na miaka kumi na mitatu, katika kibanda umiza kimoja mjini Tanga, na kwa kweli niliisikia zaidi ya nilivyoiona. Mkanda wa video ulikuwa umenakiliwa kutoka mkanda mwingine, ambao nao bila shaka ulinakiliwa kutoka mwingine, na picha ilikuwa imebaki nyeupe na nyeusi tu, bila kijivu chochote katikati. Ben, mhusika mkuu anayeigizwa na Duane Jones, alipoingia mahali penye taa hafifu, uso wake uligeuka doa jeusi lenye macho mawili. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ndivyo filamu hiyo ilivyopigwa, kwa kuwa waliotengeneza hawakuwa na fedha.

Mwaka 2016 jumba la makumbusho la MoMA la New York, pamoja na The Film Foundation, taasisi ya kuhifadhi filamu, lilikamilisha ukarabati wa filamu hiyo kwa ubora wa 4K (kiwango cha juu sana cha picha ya kidijitali) kutoka kwenye negativu yake ya asili, na mwaka 2018 kampuni ya Criterion ikaitoa kwenye diski ya Blu-ray. Niliipata baadaye sana, nikaiweka kwenye deki sebuleni, na Ben alipoanza kupigilia mbao madirishani nikajikuta nimesogeza kiti. Niliona jasho kwenye paji la uso, mishono ya sweta, mistari ya mbao zenyewe, na juu ya yote niliona mwigizaji anayefikiri kabla ya kusema. Mtu mweusi ndiye aliyekuwa kiini cha filamu ile ya mwaka 1968, na nakala mbovu zilikuwa zimemfuta uso wake kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu nakala ya nakala huanza kupoteza yaliyomo kwenye vivuli.

Nakala hizo mbovu zilizagaa kwa sababu ya kizembe kabisa. Filamu ilipokuwa inaandaliwa kwenda kwenye kumbi ilibadilishwa jina, na msambazaji alipoweka jina jipya mwanzoni mwa filamu akasahau kurudisha tangazo la hakimiliki, ambalo kwa sheria ya Marekani ya wakati huo lilikuwa la lazima. Filamu ikawa mali ya umma, na kila mwenye mashine ya kunakili akaiuza kwa namna alivyoipata. Mpaka leo, ukikuta diski ya filamu hii kwa bei ya soda, uwezekano mkubwa ni kwamba imetoka kwenye mnyororo huo, hata kama jalada limeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba imekarabatiwa.

Ndiyo maana swali la kwanza ninalouliza sasa, kabla ya bei na kabla ya jalada, ni moja tu: imeskaniwa kutoka kwenye nini? Utepe uliopita ndani ya kamera ndio negativu ya asili. Kutokana na huo hutengenezwa nakala ya kati, kisha negativu ya pili, na mwishowe nakala zinazopelekwa kwenye kumbi za sinema. Kila hatua hupunguza ukali wa picha na kuongeza giza kwenye vivuli. Kampuni inayojua kazi yake huandika chanzo chake waziwazi nyuma ya boksi au kwenye kijitabu cha ndani. Inayoandika “imeboreshwa kidijitali” pasipo kueleza imeboresha nini, mimi huirudisha rafuni.

Hata hivyo, usije ukadharau kila kazi ambayo haikutoka kwenye negativu ya asili. Ganja & Hess ya Bill Gunn, filamu ya mwaka 1973 ambayo pia inamshirikisha Duane Jones, ilichukuliwa na wasambazaji wake, ikakatwa kutoka zaidi ya saa moja na dakika arobaini hadi chini ya dakika themanini, na kuuzwa kwa jina jingine kama filamu ya kawaida ya vampaya. Toleo la Gunn lilinusurika kwa sababu nakala yake ilihifadhiwa MoMA, na ukarabati uliofanyika baadaye ulitegemea kilichokuwapo hapo. Picha yake si kali kama ya Night of the Living Dead, na hupaswi kuitarajia hivyo. Ninaichukua kwa furaha kuliko picha safi ya filamu iliyochinjwa.

Kosa langu kubwa katika miaka ya mwanzo lilikuwa kupenda usafi. Niliwahi kununua diski ambayo sitaitaja, nikafurahia jinsi nyuso zilivyokuwa laini, mpaka rafiki yangu mmoja mpiga picha akaniuliza kwa upole kwa nini watu wote wa filamu ile wanafanana na mishumaa. Programu ya kuondoa vumbi ilikuwa imetumiwa kupita kiasi, ikaondoa pia chembechembe za filamu, na pamoja nazo vinyweleo, makunyanzi na nyuzi za nguo. Chembechembe hizo si uchafu. Picha yenyewe imeumbwa nazo. The Texas Chain Saw Massacre ya mwaka 1974 ilipigwa kwa utepe wa milimita 16, mdogo na wa bei nafuu, kisha ikakuzwa hadi milimita 35 kwa ajili ya kumbi za sinema. Ilipokarabatiwa kwa 4K kwa maadhimisho ya miaka 40, mwaka 2014, mafundi waliurudia ule utepe wa milimita 16 na kuziacha chembechembe zake zicheze. Anayelalamika kwamba picha “inachemka” analalamikia jua la Texas.

Kabla hujailaumu diski, itazame televisheni yako. Nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa kwenye mpangilio wa rangi kali na wa kulainisha mwendo, ambao huifanya filamu yoyote ionekane kama tamthilia ya mchana. Weka mpangilio wa sinema, zima ulainishaji wa mwendo, shusha ukali wa picha. Hili halina gharama, nami nilichelewa kulijua kwa karibu miaka minne.

Upande wa rangi kuna ugomvi zaidi. Suspiria ya Dario Argento, ya mwaka 1977, ilichapwa kwa mbinu ya zamani ya Technicolor ya kuhamisha rangi, na nyekundu yake ni nyekundu ambayo hakuna damu ya kweli inayofanana nayo. Toleo la kampuni ya Synapse Films lilisimamiwa na Luciano Tovoli, mpigapicha mkuu wa filamu yenyewe, na hilo kwangu lina uzito kuliko kumbukumbu ya shabiki yeyote, yangu ikiwamo.

Sasa mambo ya mfukoni. Diski nyingi za Blu-ray hufungwa kwa kanda, yaani hukubali kuchezwa kwenye deki za eneo fulani la dunia tu, na Afrika Mashariki tuko kanda B, pamoja na Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, ilhali Marekani iko kanda A. Mimi nilijifunza hilo baada ya kusubiri kifurushi kutoka Marekani kwa wiki saba, kukilipia ushuru, na kuishia kuangalia maandishi ya deki yakinieleza kwamba diski haikubaliki. Muuzaji hakuwa ameitaja kanda popote. Diski za 4K hazina kufuli la kanda, lakini uwe mwangalifu, kwa kuwa Blu-ray iliyomo ndani ya boksi hilohilo huenda ikawa imefungwa. Na kama televisheni yako ni ya inchi 43 na tayari unayo Blu-ray nzuri iliyotokana na skani ileile, sioni haja ya kuinunua tena kwa 4K.

Soma pia urefu wa filamu, ila usishtuke haraka. DVD za PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, huendesha filamu kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu ya dakika 96 huisha kwa dakika 92 bila kukatwa hata sekunde moja. Upungufu unaozidi hapo ndio wa kuuliza maswali, hasa kwa diski za zamani za Uingereza, ambako sheria ya video ya mwaka 1984 ilisababisha filamu nyingi za aina hii kukatwa au kukosa kibali kwa miaka mingi.

Mwisho, ukiingia kwenye menyu ya sauti, tafuta ile ya asili. Ikiwa filamu ilitoka na sauti ya mono, yaani ya mkondo mmoja tu, chagua mono, maana michanganyiko mipya ya spika tano mara nyingi huongeza milango inayogongwa na radi ambazo hazikuwapo. Nilipoirudia Night of the Living Dead kwa mono, sauti ndiyo kitu pekee nilichokitambua kutoka kile kibanda cha Tanga.