Mkopo wa asilimia 10: soma kanuni ya leo, achana na fotokopi ya juzi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, ninyi mkopo wa halmashauri mmeupataje? Sisi tumezungushwa mpaka tumechoka." Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Mwaka 2023 maneno hayo yalikuwa yangu. Mkopo wenyewe ni ule usio na riba ambao halmashauri zetu hapa Tanzania huvipa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kutoka asilimia 10 ya mapato yao ya ndani.

Tulikuwa wanawake sita, tunashona sare za shule, mimi katibu. Mapema mwaka ule tulikuwa na kila karatasi: katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, andiko la mradi, barua ya mtendaji. Aprili, serikali ikasimamisha mikopo nchi nzima kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Wezi wabanwe, sina ugomvi na hilo. Lakini nauli tulizochanga nani aturudishie? Mweka hazina wetu alijitoa siku hiyohiyo. Tulikuwa tukisuka nywele pamoja. Leo tukikutana sokoni ni salamu tu, kila mtu na njia yake. Bado inaniuma.

Mikopo iliporudi 2024, nilitoa faili lilelile sandukuni nikalipeleka mbio. Afisa maendeleo ya jamii akafungua katiba yetu, akapitisha kidole mstari kwa mstari, kikasimama palipoandikwa "Kanuni za mwaka 2019". Akalifunga faili taratibu. "Mama, hizi hatuzitumii tena. Kuna za 2024." Nilibaki nimesimama, jalada la kaki limelowa jasho la vidole vyangu.

Siku hiyo nililia. Kesho yake nikaomba nakala ya kanuni mpya, tukakaa chini ya mwembe watano tuliobaki, tukasoma kwa sauti, anayechoka anampokeza mwenzake. Tukaiandika katiba upya.

Ushauri wangu ndio huo: soma kanuni inayotumika leo. Zile za 2019 zilirekebishwa 2021, kisha zikaja za 2024, na hapo ndipo halmashauri 10 zilipangwa kutoa mikopo kupitia benki kwa majaribio. Jirani wa wilaya nyingine akikwambia "sisi tulienda benki", huenda anasema kweli, na kwenu utaratibu ukawa mwingine. Uliza halmashauri yako. Usiulize kijiwe.

Na jambo hili wanawake wenzangu mlishike. Fedha hii si hisani ya diwani. Tangu 2018 imo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A: halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Anayekudai "cha juu" ili faili lako lisogee anakuibia haki yako. Mkatalie. Tunapiga magoti mno kwa vitu ambavyo sheria imeshatupa! Tusome, jamani. Tusome.

Nasi tukishapewa, turejeshe. Waliokula wakakimbia ndio waliotufungia mlango 2023.

Mwezi huu tumepeleka rejesho la tatu, na stakabadhi zote nimezibana kwenye faili lile la kaki. Dada uliyeniandikia, nipigie picha ukurasa wa kwanza wa katiba yenu, unitumie leo jioni. Nataka kuona imeandikwa kanuni za mwaka gani.