Kijibwa cha kilo 4: kabla ya kuuliza kampuni, tafuta mizani

Mkuu umeuliza vitu vitatu kwa mkupuo: kijibwa chako cha kilo 4 umpe chakula cha kampuni gani, vitafunio gani ni salama, na ufanyeje maana chakula kikavu anakinusa tu anaondoka zake. Nitajibu vyote ila kampuni nitaigusa mwishoni mwishoni, kwa sababu mimi nilianza na kampuni na nikaishia kwa dokta wa mifugo usiku, mbwa kawekewa dripu.

Nina jike anaitwa Kidoti, amefungwa kizazi, ana miaka saba sasa. Uzito wake unaotakiwa ni kilo 4 kama huyo wako. Alipofika miaka mitatu alikuwa na kilo 5.6 na mimi wala sikuona tatizo, naona tu kanawiri, kawa kama mto wa sofa, mpaka siku ya chanjo dokta akampandisha kwenye mizani akanipigia hesabu pale pale: umezidisha kilo 1.6 juu ya 4, hiyo ni asilimia 40, ni sawa na mtu wa kilo 60 afike 84. Nikanyamaza. Na hapo nilikuwa najisifu namlisha chakula kizuri kabisa.

Sasa shida ya mbwa mdogo ndo hii, macho yetu yamezoea sahani za watu. Unaona kipande cha jibini unasema aah haka kadogo tu. Gramu 30 za jibini ngumu ni kama kalori 120. Kidoti kwa siku nzima, chakula na kila kitu, anahitaji kama 280. Yaani nusu kasoro ya siku yake imeisha kabla bakuli halijaguswa! Yai moja la kuchemsha ni kalori 70 hivi, robo ya siku. Mimi nilikuwa nampa yai zima asubuhi nikiamini nampa protini ya manyoya, halafu bakuli nalijaza kama kawaida.

Hizo 280 nimezitoa wapi? Kuna hesabu wanayotumia madaktari, ukiwa na kikokotoo cha simu inachukua dakika. Chukua kilo zake zizidishe zenyewe mara tatu, 4 mara 4 mara 4 inakuja 64. Tafuta kipeuo cha pili, unapata 8, tafuta tena kipeuo cha pili cha hiyo 8, inakuja 2.83. Zidisha kwa 70. Jibu ni 198, hizo ndo kalori za kuishi tu amelala. Mbwa mzima aliyefungwa kizazi kwa kawaida unazidisha kwa 1.6, ila kwa hawa wa ndani wanaotembea kutoka kochi mpaka mlangoni 1.6 mara nyingi ni nyingi, Kidoti amekaa vizuri kwenye 1.4. Tulipokuwa tunampunguza tulimweka kwenye hiyo 198 yenyewe ya uzito wa kilo 4, chini ya dokta, ikachukua miezi kama saba. Usifanye haraka hapo. Na kama wako bado ni mtoto usimpunguze chochote, watoto wanahitaji zaidi na wale wadogo sana sukari ya damu inashuka upesi wakikaa na njaa, hao walishwe mara tatu au nne kwa siku.

Kujua kama amenenepa huhitaji hata mizani. Kunja ngumi upapase vifundo, halafu nyoosha kiganja upapase mgongo wa mkono, halafu papasa kiganja chenyewe. Mbavu zake zikiwa kama vifundo amekonda, zikiwa kama mgongo wa mkono yuko sawa, zikiwa kama kiganja unamlisha mno. Wenye manyoya mengi wanadanganya macho, papasa.

Kwenye vitafunio kanuni ni moja, visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa 280 ni 28. Geuza pakiti ya biskuti za mbwa usome kalori kwa kipande, nyingine zimetengenezwa zikiwafikiria mbwa wa kilo 25 na kipande kimoja kinakula hizo 28 zote. Mimi nikiwa nazo nazivunja vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi. Mbwa hahesabu ukubwa, anahesabu mara ngapi kapewa, hii nimeijaribu mwenyewe, ukivunja biskuti moja mara sita kwake ni sherehe sita.

Vinavyotumika kwangu: karoti, gramu 10 ni kalori 4 tu hivyo hata ukizembea haina neno. Maharage machanga ya kijani yaliyochemshwa bila chumvi. Boga la kuchemsha, kijiko kidogo, linasaidia hata choo. Tofaa bila mbegu na bila ile kokwa ya katikati. Kifua cha kuku cha kuchemsha bila ngozi, hiki ndo dhahabu ya mafunzo, gramu 10 ni kalori 16 hivi kwa hiyo nakikata vidogo kweli kweli. Na vyote hivi kata vidogo kuliko unavyodhani, koo la mbwa wa kilo 4 ni jembamba na akiwa na tamaa hatafuni.

Vya kutogusa hapa sibembelezi. Zabibu mbichi na kavu zinaweza kuua figo, na hakuna kiasi unachoweza kusema hiki salama, mbwa mmoja anakula hadhuriki mwingine anaenda kwa chache. Tangu 2021 madaktari wanaishuku asidi ya tartariki iliyomo. Vitunguu vya aina zote, vitunguu saumu pia, viwe vibichi, vimepikwa au unga wake, vinaharibu chembe nyekundu za damu, kwa hiyo mchuzi wa nyumbani umejifuta wenyewe. Chokoleti, ile nyeusi ni mbaya kuliko ya maziwa. Karanga za makadamia. Pombe. Unga mbichi uliotiwa hamira. Mifupa iliyopikwa, inapasuka vipande vyenye ncha.

Halafu kuna zailitoli, hii watu wengi hawaijui. Ni kitamu cha badala ya sukari, kwenye lebo huandikwa xylitol, na siku hizi wengine wanaiita birch sugar, yaani sukari ya mti wa birch. Inakaa kwenye chingamu, dawa ya meno, pipi zisizo na sukari na baadhi ya siagi za karanga. Kwa mtu haina shida, kwa mbwa mwili unamwaga insulini kwa fujo, sukari ya damu inaporomoka ndani ya nusu saa mpaka saa moja hivi, na ini linaweza kufa. Baadhi ya chingamu kipande kimoja kinatosha kumdhuru mbwa wa kilo 4. Kwa hiyo siagi ya karanga kabla hujampa alambe, soma kopo. Na akila kimojawapo kati ya hivi nilivyotaja usikae unasubiri dalili wala usimtapishe kwa chumvi, piga simu kwa dokta wewe unajua uzito wake na kala nini kiasi gani.

Sasa ile dripu. Tulikuwa na shughuli nyumbani, mgeni mmoja, mtu mzima mwenye huruma zake, akawa anamdondoshea Kidoti ngozi za kuku na vipande vya mafuta chini ya meza jioni nzima. Mimi nimeona mara moja nikacheka. Kesho yake anatapika, hataki maji, na amekaa mkao wa ajabu, kifua chini miguu ya nyuma imesimama kama anasujudu. Huo mkao uukumbuke, ni tumbo linauma. Lilikuwa kongosho limevimba. Mafuta mengi kwa mkupuo ni moja ya vitu vinavyoliwasha, na mbwa wadogo kama Yorkshire terrier na schnauzer wadogo wanajulikana kwa hilo. Alikaa siku tatu kwa dokta na mpaka leo anakula chakula cha mafuta kidogo. Mgeni sikumwambia, ningemwambia nini sasa, aliyecheka ni mimi.

Haya, kampuni. Mimi sitakutajia kwa sababu kinachomfaa wangu mwenye kongosho bovu sicho kinachomfaa wako. Soma pakiti. Tafuta sehemu iliyoandikwa kwamba chakula ni kamili na kimewiana, na ni kwa umri gani, mtoto au mzima; Marekani wanafuata viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa chakula cha mifugo, Ulaya vya FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa chakula cha wanyama. Kikiwa kimeandikwa nyongeza tu basi hicho ni kitafunio hata kama kopo ni kubwa. Usibabaishwe na nyama kuwa ya kwanza kwenye orodha, orodha inapangwa kwa uzito na nyama mbichi imejaa maji. Hata cha kopo na kikavu usivilinganishe kwa namba za juu. Kopo lenye protini asilimia 10 na maji 78, ukitoa maji imebaki 22, 10 gawa kwa 22 ni asilimia 45. Kikavu chenye protini 26 na maji 10 kinakuja 29. Kile ulichodhani ni chepesi ndo kizito.

Vile vya kujitapa havina nafaka mimi nimeviacha. Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kuchunguza magonjwa ya moyo kwa mbwa waliokuwa wanalishwa vyakula vya hivyo, vingi vyenye njegere na dengu kwa wingi. Haijathibitishwa kwamba ndo chanzo, ila mbwa wangu hana mzio wa nafaka, sasa nihangaike kwa lipi?

Kumpikia nyumbani nako usidhani ni rahisi. Chuo kikuu cha California pale Davis walichambua mapishi 200 ya mbwa, matokeo yakatoka 2013, na asilimia 95 yalikosa walau kirutubisho kimoja. Wali na kuku ni wa siku mbili tatu tumbo likichafuka, sio wa mwaka, nyama bila mfupa haina kalsiamu ya kutosha na mbwa hataonyesha leo wala mwezi ujao. Ukitaka kupika, mapishi yatoke kwa dokta wa lishe ya wanyama, na usiache ile poda ya madini eti hapendi harufu.

Meno pia nigusie. Mbwa mdogo ana meno 42 sawasawa na mbwa mkubwa, yamebanana kwenye kataya ka ukubwa wa kidole gumba, kwa hiyo fizi zinaoza mapema. Vya kutafuna vitafute vyenye alama ya VOHC, baraza la afya ya kinywa cha wanyama, na kabla ya kumpa kandamiza na ukucha wa kidole gumba, ukucha usipoingia hata kidogo ni kigumu mno kitavunja jino. Kidoti alipasua gego kwa pembe ya mnyama iliyouzwa kama ya asili kabisa. Na kalori zake zihesabu vile vile. Mswaki bado haujapata mbadala, pole.

Sasa kukataa chakula. Kama ni mzima wa afya, anacheza, choo kizuri, basi mara nyingi hajakataa chakula, anasubiri kitu bora, na kajifunza kwako kwamba akinusa akaondoka utaongeza kuku juu. Mimi nilimwagia maji ya uvuguvugu kikavu harufu ikapanda, naweka bakuli dakika 20, hajala naondoa, hakuna kitu mpaka mlo unaofuata. Siku mbili za kuangaliwa kwa macho ya yatima, siku ya tatu kala. Hii si kwa watoto, wala si kwa mbwa anayetapika au aliyelegea, na mzima akipitisha saa 24 bila kula kabisa peleka akaonwe, sio kila mgomo ni deko. Ukibadilisha chakula chukua siku 7 mpaka 10 ukichanganya kidogo kidogo.

La mwisho ni jinsi tunavyoishi sasa, na ndo limetusaidia kuliko yote. Kikombe nimekitupa. Chakula cha Kidoti kina kalori 370 kwa gramu 100, kwa hiyo siku yake ni gramu 68 hivi ukiacha nafasi ya vitafunio, na kwa kikombe nikikosea gramu 10 tu ni kalori 37, kila siku, mwaka mzima. Asubuhi napima gramu 68 kwenye mizani ya jikoni. Nyingi zinaenda kwenye bakuli milo miwili, na gramu 15 naziweka kwenye kopo la mfuniko mwekundu pale juu ya friji. Yeyote anayetaka kumpa kitu, mtoto, mgeni, mimi mwenyewe, anachota humo, kopo likiisha limeisha. Shangazi yangu alikuja mwezi uliopita, akamwonea huruma, akamchotea punje tatu kwa kificho huku anageuka kuangalia kama nimemwona, Kidoti akaruka kama kapewa nyama. Akanifuata jikoni akaniambia, mwanangu huyu mbwa mnamnyima, angalia alivyofurahi, bora mngekuwa mnampa haya ya kwenye kopo, yale ya kwenye bakuli hayapendi.