Koto na piano zinagombana, tufanyeje?

SWALI: Mambo vipi mhariri. Mimi mpiga piano wa kwaya, sasa hivi niko Osaka masomoni. Kuna dada mmoja chuoni anapiga koto, ala ya nyuzi ya Kijapani, tumeanza kupiga wawili tu bila noti za kuandika, kila mtu anabuni papo hapo. Dakika ya kwanza tamu, baadaye piano inaimeza koto na sauti zinagongana mpaka aibu. Tunakosea wapi?

JIBU: Kwanza wasomaji wa Mombasa msichanganye na taishokoto ya taarab, ile ina vitufe, hii koto ni ubao mrefu karibu mita 1.8, nyuzi 13, kila uzi umekalia kidaraja chake. Hivyo vidaraja vinasogezwa kwa mkono tu, kwa hiyo yeye ndo atyuni kukufuata wewe, maana piano ina nyuzi zaidi ya 200 na inataka fundi. Mwambie aweke hirajoshi, yaani mtyuni wa Kijapani wenye noti tano tu: D, E flati, G, A, B flati. Na wewe ubaki humo humo, usianze kuhamahama ki (key).

Sasa kugongana. Mkono wake wa kushoto unabonyeza uzi upande wa pili wa kidaraja, noti inapanda nusu toni au toni nzima, na njiani inapita kwenye sauti ambazo piano haina kabisa, yako ikishatoka imetoka, huwezi kuivuta. Ukisikia ameanza kuvuta noti, hiyo noti iache, usiiguse, shikilia D moja ya chini au nyamaza kabisa. Najua nyie wa kwaya mkiona nafasi lazima mjaze kodi (chord) ya vidole vyote, hapo ndo unapomuua mwenzako.

Pedali nayo punguza sana. Sauti ya koto inakufa haraka, ukikanyaga pedali mwangwi wako unafunika kila anachopiga, na mfuniko wa piano ufungwe. Akianza kurudiarudia kipande kimoja, basi hiyo zamu yako, ongoza.

Msikilizeni pia Miya Masaoka wa Marekani, ni mtu wa koto na anabuni papo hapo kwenye jazi. Halafu ulizia kama chuo kina koto ya nyuzi 17, ile aliyoibuni mwanamuziki wa Kijapani Michio Miyagi mwaka 1921 kwa ajili ya besi. Akiipiga hiyo, mkono wako wa kushoto upumzike, la sivyo mtagombania huko chini.