Pointi ngapi, kwa dakika ngapi? Majibu kuhusu takwimu za kikapu cha vijana

Siku hizi jedwali la takwimu la mechi ya kimataifa ya vijana linafika kwenye simu kabla wachezaji hawajamaliza kupeana mikono. Maswali mengi ninayoletewa yanatoka humo. Nimeanza na lile linaloulizwa kuliko yote.

Wachezaji wawili wa timu moja, mmoja kafunga pointi 18, mwingine 8. Mbona safu ya mwisho, yenye herufi EFF, inampa wa pili alama nyingi zaidi? Wamekosea? (Msomaji, Dodoma)

Hawajakosea, ndugu yangu. Hiyo ni safu ya ufanisi. Inajumlisha pointi, ribaundi (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa), asisti (pasi zilizozaa kikapu), mipira aliyopokonya na bloku (mitupo ya wapinzani aliyoizuia), halafu inatoa mitupo yote iliyokosa, mitupo huru (ile ya adhabu baada ya faulo) iliyokosa na mipira aliyoipoteza mikononi mwa wapinzani.

Tuseme huyo wa pointi 18 alirusha mara 19 zikaingia 6, mbili kati ya hizo zikiwa za pointi tatu. Akapata mitupo huru 6, akafunga 4. Ana ribaundi 3, asisti 1, na amepoteza mpira mara 5. Mazuri yake ni 22. Mabaya: mitupo 13 iliyokosa, mitupo huru 2, mipira 5, jumla 20. Anabaki na 2. Mwenzake wa pointi 8 alirusha mara 5 tu zikaingia 4, akachukua ribaundi 7, akatoa asisti 4, akapokonya mipira 2, akapoteza mmoja. Hesabu yake ni 21 kutoa 2, yaani 19.

Ukweli ni kwamba yule wa kwanza aliigharimu timu yake, japo ndiye aliyeshangiliwa. Hata hivyo usiiabudu safu hii. Haimwoni beki aliyemkaba mfungaji hatari robo nzima hadi akakosa hata nafasi ya kurusha, na inawapendelea warefu wanaosimama karibu na kikapu.

Nimejumlisha ribaundi za wachezaji wote nikapata 38, jedwali linasema 43. Hizo 5 zimetoka wapi? (Mwalimu wa michezo, Kisumu)

Mwalimu, angalia mstari ulio chini ya majina, ule wa timu au kocha. Mtupo ukikosa na mpira ukatoka nje kabla hajaumiliki mtu yeyote, ribaundi inaandikiwa timu itakayorusha mpira ndani. Na kwa kuwa wanafunzi wako watakuuliza: mchezaji akichezewa faulo wakati anarusha na mpira usiingie, mtupo ule hauhesabiwi kabisa kuwa jaribio. Kwa kanuni za takwimu za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, aliyempa pasi anaweza kupata asisti endapo mwenzake atafunga walau mtupo huru mmoja.

Fainali ya Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19 mwaka 2021, Victor Wembanyama wa Ufaransa alifunga pointi 22 na kupiga bloku 8. Ilikuwaje tuzo ya mchezaji bora ikaenda kwa Chet Holmgren wa Marekani? (Kijana, Mombasa)

Kwanza, tuzo ile ni ya mashindano yote, si ya fainali peke yake, na Marekani ndiyo iliyobeba kombe: 83 kwa 81 dhidi ya Ufaransa, mjini Riga, Latvia. Pili, tazama safu ya faulo. Wembanyama alifikisha faulo 5 akatoka zikiwa zimebaki dakika chache. Kwa kanuni za FIBA ya tano inakutoa, wakati NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ni ya sita. Timu iliyotegemea mikono yake kulinda kikapu ikamaliza mechi bila mikono hiyo, ikapoteza kwa pointi 2.

Lakini mimi jambo lililonigusa halimo kwenye safu yoyote ya mchezo. Wembanyama alizaliwa Januari 2004, Holmgren Mei 2002. Mmoja ana miaka 17, mwingine 19, wako uwanja mmoja. Kwa watu wazima tofauti hiyo si kitu. Kwa vijana ni kilo, ni nguvu za kifua, ni kuzoea kugongwa. Ndiyo maana kila nikifungua jedwali la vijana natafuta mwaka wa kuzaliwa kabla ya pointi.

Ni kweli kuna mtoto wa chini ya miaka 16 aliyewahi kufunga pointi 51 kwenye fainali? (Msomaji, Bujumbura)

Ni kweli. Ni Mhispania Ricky Rubio, fainali ya Ulaya ya mwaka 2006 mjini Linares, Hispania ikicheza na Urusi: pointi 51, ribaundi 24, asisti 12, mipira 7 ya kupokonya. Ila mechi ilikwenda vipindi viwili vya nyongeza, kwa hiyo ilichezwa dakika 50 badala ya 40. Baadaye Rubio alisifika NBA kwa pasi na ukabaji zaidi kuliko kufunga.

Binti yangu alicheza dakika 6 kwenye mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa ya vijana. Sifuri kila safu, na alama ya -11. Kundi letu la WhatsApp limemgeuza kichekesho. Nimwambie nini? (Mama, Arusha)

Mama, pole, na hilo kundi lisimamishe leo. Ile -11 maana yake ni kwamba katika dakika alizokuwa uwanjani, timu ilifungwa pointi 11 zaidi ya ilizofunga. Ni alama ya watano waliokuwa pamoja, wala haisemi nani kakosea. Akiingia wakati mpinzani ana watano wake wa kwanza na yeye amezungukwa na wenzake wa benchi, alama hiyo humpata hata mchezaji mzuri. Kwenye mashindano ya vijana, ambako pengo la pointi 40 au 50 si ajabu, safu hii kwa mechi moja haina uzito.

Sifuri nazo zisome kwa utulivu. Hakukosa mtupo, hakupoteza mpira, hakucheza faulo. Kwa dakika 6 mbele ya umati, hiyo ni nidhamu. Kaeni pamoja mtazame video ya zile dakika: alirudi kukaba? Alimzuia mpinzani kwa mwili mpira ulipogonga ubao? Hayo kocha anayaona, na binti yako anapaswa kusikia kutoka kwako kwamba nawe umeyaona.

Maskauti, wale wasaka vipaji, wanaangalia pointi? Mimi ni mrefu lakini si mfungaji. (Kijana, Kampala)

Anzia hapohapo ulipo. Khaman Maluach wa Sudan Kusini alikulia Uganda na ndiko alikoanza kikapu. Msimu wake wa chuo, pale Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alikuwa na wastani wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6. Mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 kwenye drafti ya NBA, pale timu zinapopokezana kuchagua wachezaji wapya. Mitupo yake mingi ilipigwa karibu na kikapu na zaidi ya 7 katika kila 10 iliingia. Alijua kazi yake.

Ukiwatumia video, usikate vipande vya dunki (kuusindika mpira kikapuni kwa mkono) peke yake. Weka mechi nzima, hata ile mliyofungwa, andika tarehe yako ya kuzaliwa, urefu wako bila viatu na dakika ulizocheza, na uache jedwali lote lionekane, pamoja na safu ya mipira uliyopoteza.