Lupu ya JavaScript ikikosea, shika kalamu kwanza

Wengi ninaowafundisha JavaScript, lugha ya programu, wana tabia moja. Lupu (sehemu ya msimbo inayojirudia) ikitoa jibu baya, wanageuza `<` kuwa `<=`; ikikataa wanaongeza 1, ikikataa tena wanapunguza 1, hadi jibu litokee lenyewe. Likishatokea, hawajui limetokaje.

Chukua orodha ya vitu vitatu tu, kisha ifuatilie lupu kwenye karatasi: mzunguko wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati mara nyingi hauna neno.

```
let matunda = ["embe", "ndizi", "papai"];
for (let i = 0; i <= matunda.length; i++) {
  console.log(matunda[i]);
}
```

Konsoli (dirisha la matokeo) itaonyesha embe, ndizi, papai, halafu `undefined`, yaani hakuna thamani. Andika thamani za `i`: 0 ni embe, 2 ni papai. Ikifika 3, sharti linauliza kama 3 ni ndogo kuliko 3 au sawa nayo. Ni sawa, basi lupu inaingia tena na kukuta nafasi tupu, kwa sababu nafasi zinaanzia 0. Tumia `<`. Ubaya ni kwamba JavaScript hailalamiki hapo. Kama ulikuwa unajumlisha bei, utakutana na `NaN` (“si namba”) mbali kabisa na palipoharibika.

Kivinjari kikiganda, angalia kama kihesabu (`i`) kinaelekea kwenye kikomo. `for (let i = 10; i >= 0; i++)` haifiki popote; ilitakiwa `i--`. Desimali nazo zina hila: ukianza na 0 na kuongeza 0.1 mara kumi unapata 0.9999999999999999, kwa hiyo sharti la `x !== 1` halitakusimamisha. Hesabu kwa namba nzima, ugawanye kwa 10 ndani ya lupu.

Nukta mkato baada ya mabano ya `for`? Ifute, inaifanya lupu izunguke bure. Na `var`, neno la zamani la kutangaza kigeu, iache. `let` ipo tangu 2015.

Linalowasumbua hata waliozoea ni kufuta vitu kwa `splice` (amri ya kutoa vitu kwenye orodha) huku lupu inaendelea. Ni kama foleni: ukimtoa wa pili, wa tatu anasogea mahali pake, lakini `i` imeshahamia nafasi ya tatu, na huyo aliyesogea anarukwa. Anzia mwisho, `matunda.length - 1`, ukirudi hadi 0. Wanaosogea watakuwa wale uliokwisha kuwapitia.