Minivani inachemka kwenye foleni, injini inamisi, mlango unagoma: nianzie wapi?

Swali: Habari fundi. Nina minivani ya familia ya viti saba, injini ya V6 iliyolala kwa upana. Kwenye foleni mshale wa joto unapanda, hasa kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Nikipata barabara nyeupe unashuka wenyewe. Fundi mmoja anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, mwingine anataka ninunue rejeta mpya. Isitoshe, injini inamisi nikiwa nimesimama na taa ya injini inawaka, na mlango wa pembeni wa umeme siku nyingine unafunga, siku nyingine unarudi. Nianze na lipi?

Jibu: Anza na joto, maana hilo ndilo linaloweza kukuulia injini. Ila usinunue chochote bado. Umeshaeleza jambo ambalo mafundi wako wote wawili wamelipita: gari linapata joto likisimama na kupoa likikimbia. Gari likikimbia, upepo unajipitisha wenyewe kwenye rejeta. Likisimama, ni feni tu zinazouvuta. Kwa hiyo shuku feni, au kitu kinachoziba njia ya upepo. Kama lingekuwa shwari mjini halafu linachemka mlimani au kwenye mwendo mkali, hapo ningezungumzia rejeta iliyoziba ndani, thamostati (vali inayoruhusu maji kupita injini ikipata joto) isiyofunguka vizuri au pampu ya maji iliyochoka.

Kupima feni hakuhitaji kufungua hata nati moja. Injini ikiwa baridi, iwashe, weka kiyoyozi kwenye baridi ya mwisho, fungua boneti utazame. Minivani nyingi zina feni mbili, na kiyoyozi kikiwaka angalau moja inapaswa kuzunguka baada ya muda mfupi. Kwenye magari mengi huzunguka zote. Mikono na nguo zikae mbali, kwa sababu feni ya umeme inaweza kuanza bila kukuaga, hata injini ikiwa imezimwa.

Feni moja ikiwa imelala, kagua fyuzi yake, kisha rilei, yaani swichi ndogo ya umeme inayoiwasha. Ndani ya kisanduku cha fyuzi huwa hakukosekani rilei nyingine yenye namba ileile, mara nyingi ya honi. Zibadilishane nafasi. Feni ikiamka, umemaliza kazi kwa bei ya rilei. Isipoamka na ni ya waya mbili tu, chomoa soketi yake uipe volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa waya wenye fyuzi. Ikizunguka, mota ni nzima. Fuatilia nyaya, soketi na sensa ya joto. Isipozunguka, mota imekufa. Feni yenye waya zaidi ya mbili usiifanyie hivyo, kwani huenda ina kidhibiti cha elektroniki ndani yake na utakiunguza. Soketi nayo itazame kwa makini: plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka maana yake mguso ni mbovu, na feni mpya itakufa palepale.

Feni zikiwa nzima zote, chungulia katikati ya kondensa ya kiyoyozi (ile inayofanana na rejeta, iliyo mbele yake) na rejeta. Kwa mbele panaweza kung'aa huku katikati kumejaa vumbi, majani na wadudu walioshikana. Osha kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Mashine ya presha kali hulaza mapezi, ukaishia na rejeta safi isiyopitisha upepo.

Mfuniko wa rejeta watu huudharau. Kazi yake ni kushikilia presha, kwenye magari mengi karibu bar 1, ili maji yenye kulanti (dawa ya kupoza injini) yasichemke mpaka yapite nyuzi 120 hivi za Selsiasi. Mpira wake ukikauka, presha inatoroka na maji yanachemka mapema. Ni wa bei ndogo, badilisha. Lakini usiufungue injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa. Maji yale yanaruka.

Sasa jambo la minivani zenyewe. Nyingi zina hita ya abiria wa nyuma, na mabomba yake ya maji hupita chini ya sakafu, mahali penye matope na mawe. Yakila kutu, kulanti inapungua taratibu bila wewe kuona tone chini ya injini, kwa kuwa inavujia nyuma, tena wakati gari linatembea. Kabla hujakubali kwamba injini "inakunywa maji", pandisha gari, likae kwenye stendi imara, ufuate mabomba hayo kwa tochi hadi mwisho. Njia hiyo ndefu pia hunasa hewa wakati wa kujaza. Ukijaza kulanti, weka hita za mbele na nyuma kwenye joto la mwisho, injini iwake mpaka thamostati ifunguke, ipoe, kisha uongeze. Hita ya nyuma ikitoa upepo baridi wakati ya mbele ni moto, aghalabu hewa bado imo.

Gasketi haihukumiwi kwa mshale. Dalili zake ni kulanti kupungua bila mvujo popote, mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, mipira ya maji kuwa migumu injini ikiwa ndiyo kwanza imewaka, moshi mweupe usioisha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Upo pia mtihani wa kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya silinda. Fundi anayetaka kufungua hedi bila kuufanya, muulize kwa nini.

Wakati unatafuta ubovu, mshale ukipanda barabarani zima kiyoyozi na uwashe hita kwa nguvu zote. Mtatoka jasho lakini hita inanyonya joto la injini. Mshale usiposhuka mara moja, egesha na uzime. Mishale ya magari mengi ya kisasa imepangwa itulie katikati hata joto likiyumba, hivyo ikianza kusogea, injini tayari iko pabaya.

Kuhusu kumisi, soma kodi, yaani namba za hitilafu, kwa skana ndogo ya OBD2 inayochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari. P0300 ni kumisi kunakorukaruka kati ya silinda, si kwenye moja tu. P0302 ni silinda ya pili, P0304 ya nne, na kuendelea. Hamisha koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda inayotajwa uiweke kwenye nyingine, futa kodi, endesha. Kodi ikihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Isipohama, angalia plagi, kisha injekta. Kwenye V6 iliyolala kwa upana, plagi tatu za nyuma zimebanwa na ukuta wa kabini, na mara nyingi hazifikiki mpaka manifodi ya hewa ifunguliwe. Wapo mafundi wanaobadilisha tatu za mbele na kukutoza za sita. Dai plagi zote sita za zamani mkononi. Taa ya injini ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usikanyage mafuta kwa nguvu: petroli isiyoungua inakwenda kuchoma katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi), na hiyo ni ghali kuliko koili zote sita.

Mlango ndio mwepesi. Zima umeme wake kwa swichi ya kwenye dashibodi, uusukume kwa mkono. Ukiwa mzito, safisha reli zote tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na ukague rola kama zimelika. Biskuti na sarafu za watoto hupenda reli ya chini. Ukiteleza vizuri kwa mkono lakini unagoma kwa umeme, tafuta waya uliokatika ndani ya mkanda unaokunjwa kila mlango unapokwenda na kurudi. Na kama ni mlango wa upande wa tangi la mafuta, hakikisha kwanza kifuniko cha mafuta kimefungwa: minivani nyingi huuzuia mlango huo kikiwa wazi.